Maswali ya wasomaji: Wameniuliza kama nimetamani kufa, nikafunga simu

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu zile linki za utafiti zinazozunguka kwa magrupu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inastahili.

Anti, habari ya masiku. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kayole, niko na sukari huu ni mwaka wa sita. Juzi kwa grupu ya chama chetu mtu akatuma linki, ati mwanafunzi wa chuo kimoja Uingereza anafanya utafiti wa saikolojia ya afya kwa watu wa sukari hapa Nairobi, dakika 25 tu, na ukimaliza unaingia kwa droo ya kredo ya 500. Nikaingia juu niko na mengi ya kusema. Maswali ya dawa sikuwa na shida nayo, ya usingizi pia, halafu ikafika pahali wananiuliza kama kwa wiki mbili zilizopita nimewaza ni heri ningekufa. Nikashtuka nikafunga simu. Sasa hawa watu watanipigia? Watapeleka jina langu polisi? Na mbona mtu wa sukari aulizwe hivyo? Nikirudi nijibu ukweli ama niseme tu niko sawa? – Mama Wawili, Kayole

Pole mama, na kwanza tuweke utafiti kando kidogo. Hujaniambia kama hayo mawazo unayo ama ni swali tu lilikushtua, lakini kama yamekuwa yakikujia, hata mara moja moja usiku watoto wakishalala, tafadhali usingoje linki ya mtu. Piga 1199, ile laini ya Msalaba Mwekundu, ama siku yako ya kliniki mwambie nesi waziwazi, "sista, nimekuwa na mawazo mabaya." Si lazima useme zaidi ya hapo, yeye ndiye atakuuliza.

Sasa hilo swali. Linafanana kabisa na la tisa, la mwisho, kwa orodha moja inaitwa PHQ-9, inatumika nchi nyingi na hapa kwetu tunayo ya Kiswahili. Maswali ni tisa, yote ya wiki mbili zilizopita, kila moja unajibu kuanzia 0 mpaka 3, kwa hivyo jumla haipiti 27, na mara nyingi mtu akifika 10 ndio wanasema huyu aangaliwe zaidi. Haipimi wazimu, na peke yake haiwezi kusema una ugonjwa fulani, lazima mtu akae na wewe mzungumze. Na wanauliza watu wa sukari kwa sababu sukari na huzuni hutembea pamoja sana, wewe mwenyewe unajua, mtu amechoka kujidunga, amechoka kupima, amechoka kuambiwa kila siku usile hiki usile kile, moyo unaanguka, anaanza kuruka dawa, sukari inapanda, moyo unaanguka tena. Saikolojia ya afya kazi yake ndio hiyo, kuangalia moyo wa mtu unafanya nini kwa mwili wake. Miaka ya 1950 kule Marekani serikali ilipeleka magari ya eksirei ya kifua kikuu mpaka mitaani, bure kabisa, na bado watu wengi hawakuja. Wataalamu wa saikolojia wakaanza kuuliza watu wanaamini nini, wanaogopa nini, ni nini kinawazuia, na hapo ndipo fani hii ilipata moja ya mizizi yake. Kitu kinaweza kuwa cha bure na kiko mlangoni na bado kuna sababu mtu hatoki nje kukichukua.

Kuhusu polisi, naelewa hofu yako inatoka wapi. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wamewahi kupelekwa kortini badala ya hospitali, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Na hata kabla ya hapo sheria ilikuwa inaongea juu ya kitendo, kuwaza hakujawahi kuwa kosa Kenya.

Kama watakupigia, hiyo inategemea. Kuna utafiti wa bila jina, ambapo hata wakitaka hawawezi kukujua, na kuna utafiti wa siri, ambapo wanakujua lakini wameahidi hawatasema. Watu huchanganya hizi mbili kila siku. Wewe ukiandika namba ya simu ndio uingie kwa droo, hapo umejulikana, isipokuwa droo wameiweka kwa fomu yake kando na majibu yako hayaunganishwi na hiyo namba. Na kama wana mpango wa kutafuta mtu akijibu "ndiyo" kwa hilo swali, lazima wawe wamekuambia mapema.

Mapema ni wapi? Ukurasa wa kwanza, mama. Ule ambao sisi wote tunateremsha haraka haraka tubofye "nakubali". Mimi miaka kadhaa nilizunguka Kibera na Mathare nikihoji watu nyumba kwa nyumba, na fomu ya ridhaa nilikuwa naisoma kwa sauti, neno kwa neno, na mara nyingi mtu ananikatiza, "wee leta nisaini, niko na mboga kwa jiko." Lakini angalau mimi nilikuwa namuona uso. Mtu akianza kulia nilifunga kalamu, tunakaa, tunaongea mengine. Linki haioni uso wako, kwa hivyo huo ukurasa ndio umebaki kuwa mimi. Uangalie una jina la chuo na barua pepe ya chuo, jina la kamati ya maadili iliyopitisha utafiti na namba ya idhini, majibu yatakaa wapi na kwa muda gani, na unatokaje ukitaka kutoka. Kama utafiti unafanywa hapa Kenya kunafaa kuwe na leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ndivyo sheria ya mwaka 2013 inavyotaka, hata mtafiti akiwa anasomea London, na unaruhusiwa kumwambia akuonyeshe. Ukiwa na shaka iandikie kamati ya maadili moja kwa moja, usiishie kwa yule aliyekutumia linki.

Kitu kingine, maswali ya hisia hayahitaji namba ya kitambulisho, na hakuna utafiti wowote duniani unaohitaji PIN ya M-Pesa. Ukiona hivyo toka. Tunakumbuka 2023 foleni ya KICC, ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi, watu wakipigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000, serikali ikasimamisha Agosti, na 2025 Mahakama Kuu ikaamuru hiyo data ifutwe. Wengi waliokuwa kwa ile foleni walikuwa watu wazima wenye akili zao, njaa ndiyo iliwasomea fomu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kama data nyeti, na inakupa haki ya kuondoa ridhaa yako. Kuna mpaka mmoja tu wa kujua, kama majibu hayana jina wala namba yoyote ya kukutambua, ukishatuma mtafiti hawezi kujua yako ni gani ayatoe. Ndio maana wengi huandika tarehe ya mwisho ya kujiondoa.

Ukirudi, jibu ukweli ama uruke swali. Kuruka ni haki yako na hulipi chochote, na kama fomu haikubali kuruka basi funga, umemaliza. Lakini kusema uko sawa na hauko sawa, hapana, usifanye hivyo. Na mwishoni angalia wameweka namba za msaada za wapi. Kama ni za Uingereza tu, mwandikie huyo mwanafunzi umwambie mtu wa Kayole hawezi kupiga hizo, aweke za Kenya. Atakushukuru, na kama ni mtafiti mzuri atabadilisha siku hiyo hiyo. Ningependa urudi kusema kweli, kama ukurasa wa kwanza uko sawa. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichapisha hesabu ya majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta kati ya kila watu 100 waliofanyiwa utafiti 68 walikuwa Wamarekani. Mama wa Kayole mwenye sukari miaka sita hayuko kwa hiyo hesabu, na bado anapewa ushauri uliotoka huko.

Anti, mimi ni soja, nafanya usiku Industrial Area, kulala mchana imenishinda. Nilijiunga na utafiti wa mtandaoni wa wiki 8 wa kusaidia watu kulala, nikajaza maswali yote, halafu wakaniambia nimewekwa grupu ya kusubiri. Mwenzangu amepewa masomo mimi nimepewa maswali tu. Huu si ubaguzi? – Soja, Pipeline

Ndugu yangu, inauma, na hapa nalaumu kidogo waliokuandikisha kwa sababu hilo ulifaa kulielewa kabla ya kukubali. Lakini hakuna mtu aliyekaa akakuchagua. Ni kura, kompyuta ndiyo inapiga, na inapiga hivyo ili hata mtafiti mwenyewe asiweze kupendelea mtu.

Sababu ni hii. Mtu hujiandikisha kwa utafiti wa usingizi ile wiki imemlemea kabisa, si wiki ambayo analala vizuri. Sasa baada ya wiki ya namna hiyo mara nyingi mambo hurudi afadhali kidogo yenyewe, mtoto wa jirani ameacha kulia, supavaiza amekubadilishia shifti, joto limepungua. Wakimpa kila mtu masomo halafu kila mtu alale vizuri, watajuaje ni masomo na si hayo mengine? Wanajua kwa kuwaangalia nyinyi mnaosubiri. Majibu yako yana uzito sawa na ya mwenzako, bila nyinyi hakuna utafiti hapo.

Waulize kama baada ya wiki 8 nawe utapewa masomo, mara nyingi hutoa. Na kusubiri hakukukatazi kwenda hospitali, utafiti si matibabu na haujachukua nafasi ya daktari, ukianza dawa ama kitu kingine chochote waambie tu waandike. Ukiona huwezi tena, jitoe, hata sababu si lazima uwape. Ila naomba kitu kimoja, usijiandikishe upya na laini nyingine ndio uangukie grupu ya mwenzako.

Sasa Anti, niko campo, hizi study zinalipa kredo na mimi najaza zote, nikiulizwa kama niko na sukari ama presha naweka ndiyo ndio nisitolewe. Hakuna mtu naumiza, ama? – Kijana, Ngara

Unaumiza, kijana wangu, na barua ya kwanza hapo juu ndiyo imebeba jina la unayemuumiza. Wewe huna sukari, hujawahi kuruka dawa kwa kukosa nauli ya kliniki, kwa hivyo umebofya bofya tu katikati, "kiasi", "kiasi", "kiasi". Majibu yako yanachanganywa na ya huyo mama, na vijana kama wewe mkiwa wengi haijulikani tena shida ya watu wa sukari wa Nairobi ni kubwa kiasi gani, na pesa za ushauri nasaha zinaweza kwenda kwingine. Watafiti wanajua mpo, ndio maana katikati unakuta swali la mtego, "hapa chagua sikubali kabisa", lakini mjanja hulipita hilo.

Njaa ya campo naijua na sikulaumu kutafuta. Jaza zile zinazotafuta wanafunzi, ziko nyingi. Ile ya sukari mwandikie mtafiti leo, mpe ile namba ya kutambulisha majibu yako uliyopewa mwishoni, umwambie hukustahili kuingia na ayatoe majibu yako kabla hajaanza kuhesabu.