Kwa mnaoanza kazi kwenye mimea ya shaba, Lubumbashi

Wadogo zangu mnaokuja kufanya staji kwenye udongo wa shaba, naomba jambo moja kabla ya yote: msiandike kwenye ripoti kwamba nyasi za pale zimejifunza kuishi na sumu. Hazikujifunza kitu.

Tanuru la kuyeyusha shaba hapa mjini liliwashwa mwaka 1911. Moshi wake ulibeba shaba, zinki na risasi, ukaangukia upande unakopeleka upepo, kule Penga Penga. Miti ikafa, ardhi ikabaki wazi. Leo nyasi ndogo, Microchloa altera, zinaota humo humo.

Badiliko la jeni, yaani maagizo ambayo mmea huyarithi kwa wazazi wake, hutokea lenyewe, bila kujua mmea utahitaji nini kesho. Sumu huja baadaye na kuchagua nani azae. Watafiti walipanda mbegu za nyasi za malisho ya kawaida kwenye udongo wa migodi ya zamani ya shaba. Karibu zote zilikufa, chache zikakua. Hizo chache zilikuwa na uwezo huo kabla hazijagusa shaba. Mkilielewa jaribio hilo, mmeelewa nusu ya kazi yetu.

Nusu nyingine ni subira. Mmea wa Penga Penga ukiwa mfupi, usiseme haraka kwamba ni jeni; udongo wenyewe unadumaza. Chukueni mbegu za sehemu zote mbili, chafu na safi, muzioteshe kizazi kimoja kwenye udongo uleule, maana mama aliyeteseka hutoa mbegu dhaifu. Watoto wa mbegu hizo ndio wa kupima.

Tunapima mizizi ndani ya maji yenye sulfati ya shaba. Mzizi usiostahimili husimama, ncha inakuwa ya kahawia, vinyweleo havitoki. Unaostahimili unaendelea kushuka. Lakini lazima pawepo ndugu zake kwenye maji yasiyo na shaba, kwa sababu kuna mimea ambayo mizizi yake ni mifupi kwa asili. Rula bila ulinganisho huo haisemi lolote.

Na mkitumwa kukusanya mbegu za kufunika ardhi iliyo wazi, msijaze mfuko kutoka kichaka kimoja kilichostawi. Chukueni kidogo kidogo kwa mama wengi waliotawanyika, hata wale wanyonge: mvua ikikatika mapema au kiwango cha zinki kikiwa tofauti, watakaopona huenda wasiwe watoto wa kile kichaka kizuri.