Vibarua wanahesabika? Jibu kwa mwenye karakana ya samani

Ndugu, nimekuelewa: una mafundi 14 wa kudumu, vibarua wanane huja msimu wa oda nyingi, na mtu amekuambia kwamba kwa kuwa hujafika 20, sheria ya usalama kazini haikuhusu. Amekupotosha.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inagusa kila mahali pa kazi, hata penye watu watatu. Hiyo 20 inahusu kamati ya usalama tu: wakifika idadi hiyo, lazima iundwe. Je, vibarua wahesabiwe? Kama ni walewale wanaorudi kila msimu, mimi ningewahesabu. Mkaguzi akija atakuta watu 22 kwenye mashine, na hoja ya "hao si wangu" haiendi mbali, hasa kidole kikikatwa na msumeno. Hapo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, haiangalii kama mtu ni wa kudumu au wa muda.

Anza na kusajili karakana kwa idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Weka vizuizi kwenye misumeno. Barakoa na vifaa vya kuziba masikio toa wewe, usikate mshahara. Kelele ikizidi desibeli 90 kwa saa nane, umevunja kanuni.

Mtu akishaumia, mwone wakili wa kazi kabla hujasaini chochote.