Wanawake hawadharau ufundi, wanapima kitakachofuata

Umeuliza kwa nini wanawake wengi hujiandikisha mafunzo ya ufundi stadi halafu wanaacha njiani, na kama ni kweli "hawana moyo wa ufundi". Mimi ni mwanamke, fundi uchomeleaji, na sasa nafundisha kozi fupi. Hilo la moyo nalikataa kabisa.

Mwanamke akija kuulizia kozi, mara nyingi kabla ya ada anataka kujua waliomaliza wako wapi. Akisikia wanafanya kazi, anarudi na mdogo wake. Akisikia vyeti vimelala kabatini, anaaga. Muda wa darasa anaukata kwenye kibarua chake na kwenye malezi, kwa hiyo lazima apige hesabu.

Chukua ushonaji, ambako miradi mingi hupenda kuwapeleka wanawake bila hata kuwauliza. Anajifunza kuchukua vipimo, kukata kitambaa, kutia zipu, kisha anarudi nyumbani hana cherehani. Akikaa miezi bila kushona, mkono unasahau. Mwenye cherehani naye anagombania wateja wale wale, maana kundi zima limefundishwa kitu kimoja. Akimwambia jirani yake asipoteze muda, mimi siioni dharau hapo.

Kwenye uchomeleaji kizuizi ni kingine, na hiki kinaniuma. Ovaroli na glavu huletwa saizi za wanaume. Mwanafunzi anakunja mikono ya ovaroli, mkunjo unafunguka akiwa kwenye drili, na nguo iliyolegea karibu na mashine inayozunguka inaweza kumvuta mkono. Ndani ya glavu pana kishikio cha elektrodi, yaani fimbo ya kuchomelea, kinacheza, mchomeleo unayumba, mwalimu anasema huyu hana mkono wa kazi. Nimempa mwanafunzi wa namna hiyo glavu zinazomkaa, na kwenye bati lile lile mstari ukanyooka. Alikuwa ameshaomba kuhamia kozi ya mapambo.

Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaliyopitishwa 2015, yanataka wanawake na wanaume wapate fursa sawa ya elimu ya ufundi ifikapo 2030. Vizuri, lakini kuandikwa jina kwenye daftari la usajili bado si fursa.

Kama unapanga mradi, saa za darasa zipangwe na wanawake wenyewe, pawe na mtu wa kukaa na watoto, na vifaa vya kuanzia kazi viwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, hata kama ni vya kutumia kwa kikundi. Na yule aliyeshona miaka mingi bila kupita darasani, usimwanzishie somo la kutunga uzi. Mpime kwa vitendo, apewe cheti kwa anachokijua, aendelee na asichokijua. Hao ndio ninaowaona wakiondoka mapema kuliko wote, tena kwa hasira.