Kwa wanaoingia timu ya chemsha bongo: suali la Freddie Mercury na mengineyo

Karibuni. Nyinyi mlioingia mwaka huu mtaulizwa habari za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza aliyezaliwa hapa Unguja, hata kabla hamjakaa vizuri, maana kila mtungaji akisikia timu inatoka Unguja huona hilo ndilo la kutupima. La jina na tarehe halina tabu: Farrokh Bulsara, 5 Septemba 1946. Tabu huanza akiuliza, "Nyumba aliyozaliwa iko mtaa gani?" Mmoja atataja Shangani, mwengine atataja uchochoro mwengine, na kila mmoja ana ukurasa wa mtandaoni wa kumuunga mkono. Wote wamekosea, kwa sababu alizaliwa hospitali ya serikali. Suali lenyewe limekaa upogo.

Zinazotajwa ni nyumba ambazo familia yake inasemekana iliishi, nazo ni zaidi ya moja, kwani mlango wenye picha ya Freddie huvuta watalii. Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani mwaka 2019. Simlaumu mwenye biashara kwa kujinadi. Ila ukurasa unaouza vyumba au ziara usiusome kama hati ya uzazi. Mimi kila nikisoma dai hujiuliza aliyeliandika anapata nini likiaminiwa, na angepata hasara gani lingekuwa uongo. Mwenye hoteli hapotezi kitu.

Kuna wanaotegemea filamu, na hili nalipiga vita sana. Ile filamu ya 2018 kuhusu Queen, Bohemian Rhapsody, inamuonesha Freddie akiwaambia wenzake kuhusu maradhi yake ya UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985. Kwa maelezo ya mwenza wake Jim Hutton, aligundulika mwaka 1987, na umma ulitangaziwa 23 Novemba 1991, siku moja kabla hajafariki. Mtengeneza filamu alitaka kilele cha hadithi, akakipata. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukiulizwa nani aliigiza, filamu ni chanzo kizuri kuliko vyote. Ukiulizwa kilichotokea, si chanzo kabisa. Na hapo hapo kuna mtego wa miaka: Rami Malek, aliyeigiza kama Freddie, alipokea Oscar yake Februari 2019 kwa filamu ya 2018, kwa hiyo sikilizeni kama mtu anauliza mwaka wa filamu au wa sherehe.

Vivyo hivyo kwa matamasha yetu. Busara Promotions iliundwa 2003, na tamasha lake la muziki, Sauti za Busara, la mwanzo likapigwa Februari 2004. Utakuta kurasa zinazopingana na huku zote zinasema kweli, moja inahesabu taasisi na nyengine inahesabu jukwaa. Kabla ya kumuita mtu muongo, angalia kitenzi alichotumia.

Sasa linalowaponza wageni kuliko yote: kuhesabu kurasa. "Nimeliona sehemu kumi!" Karafuu za shamba moja zikiuzwa katika maduka kumi hazigeuki kuwa za mashamba kumi. Chukueni mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Tafuteni asili yake na mtaambiwa uliletwa na Wareno, mara nyingi kwa sentensi moja ile ile, bila yeyote kusema alilipata wapi. Huenda ni kweli. Lakini kumi hao ni mmoja. Njia ya kujua ni nyepesi: nakili sentensi nzima, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute hivyo hivyo, kisha panga matokeo kwa tarehe. Kosa la tahajia likijirudia kila mahali, basi umeshampata baba yao. Wikipedia nayo msiidharau wala msiiabudu. Teremkeni chini kwenye marejeo, kisha fungueni historia ya ukurasa muone dai liliingizwa lini. Kuna wakati gazeti limenakili Wikipedia, halafu Wikipedia ikalitaja gazeti lile lile kuwa ushahidi.

Mzee wa Pemba aliyecheza na ng'ombe ujanani atakueleza mchezo unavyochezwa kuliko kitabu chochote. Ya karne ya 16, zama za Wareno, hayajui zaidi yako, na ukimbana atakupa jibu kwa adabu tu.

Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, ni somo peke yake. Alifariki 17 Aprili 2013, na tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, aliipata 2005. Hayo yana tarehe kwa sababu yalishuhudiwa na kuandikwa papo hapo. Mwaka wa kuzaliwa kwake hauna hati. Anayekuandikia umri wake kamili bila kusita, mtilie shaka na katika mengine aliyoyaandika. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa kabla yake, hali kadhalika: kuzaliwa Fumba karibu na 1880 ni makadirio, safari ya Bombay ya 1928 kurekodi santuri inajulikana vyema, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, mtu wa zama zake. Mwandishi wa karibu kama huyo ana uzito, ingawa naye alimpenda aliyemwandika, na mapenzi yana upofu wake. Neno "wa kwanza" linapomhusu yeyote, ulizeni: wa kwanza wapi, tena katika nini?

Akili mnemba itumieni kutunga masuali ya mazoezi. Kwa majibu, mna haki ya kuidai chanzo, na mkipewa, kifungueni, maana hutaja hata vitabu visivyokuwepo.

Kila mmoja awe na daftari. Jibu liandikwe pamoja na mahali lilipotoka na siku lilipoonekana. Lisilo na chanzo liandikwe kwa penseli. Na siku ya mashindano, suali likiwa na milango miwili, kama lile la Busara, nahodha aulize kabla ya kujibu: "Mwalimu, mwaka wa kuundwa au wa tamasha la mwanzo?" Mtangazaji mzuri atafafanua. Asiyefafanua, mpeni mwaka wa tamasha, kwani ndio unaoandikwa mara nyingi kwenye kadi zao, na rufaa iandikwe wakati wa mapumziko, si kwa kupiga kelele ukumbini.