Jimbo likizitwaa shule zinazofeli, matokeo hupanda?

Umeuliza kama shule za umma za Marekani zinazofeli mwaka baada ya mwaka hunufaika serikali ya jimbo inapozitwaa. Baadhi ndiyo, nyingi hapana.

Tennessee waliunda mamlaka maalumu wakaahidi kuzitoa shule kwenye asilimia 5 za mkiani hadi robo ya juu ndani ya miaka 5. Haikuwa. Walimu waliingia na kutoka kila mwaka, na mtoto hawezi kujifunza kwa mtu anayefunga virago.

Lawrence, Massachusetts, iliyochukuliwa mwishoni mwa 2011, ndiyo huwa natolea mfano. Walimu wengi waliachwa kazini. Waliobadilishwa zaidi ni wakuu wa shule. Siku ya masomo ikarefushwa, na wanafunzi waliobaki nyuma wakafundishwa wakati wa likizo katika vikundi vidogo, na walimu waliochaguliwa kwa makini. Hisabati ikapanda vizuri, Kiingereza kidogo tu.

Linalonikera ni wazazi kupokonywa nguvu ya kura yao. Sheria ya Texas ya 2015 inaruhusu bodi nzima ya shule za eneo, iliyochaguliwa kwa kura, kuondolewa kwa sababu ya shule moja iliyofeli miaka 5 mfululizo, na Houston yaliwakuta hayo 2023. Newark, jimboni New Jersey, nayo ilitwaliwa 1995 na kurudishiwa mamlaka 2018. Hesabu mwenyewe: kuna watoto walioanza na kumaliza shule pale bila wazazi wao kuwa na bodi yenye meno.