Mfamasia Anajibu: Sindano moja badala ya kila siku, wameweka nini humo?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yetu yuko kwenye kemo hapa Moshi, saratani ya titi. Mizunguko ya mwanzo akishamaliza dripu alikua anachomwa kasindano ka kupandisha seli nyeupe kila siku, tunamshusha na Noah kutoka Kibosho, anachomwa, tunampandisha, kesho tena, mpaka akawa anasema bora aache. Safari hii daktari kasema atachomwa moja tu basi. Nesi akatuambia ni dawa ile ile ila hii imefungwa PEG. Sasa kaka yangu kaingia intaneti kakuta PEG ni polima, eti ndo familia ya maplastiki hayo, na nyumbani hatuelewani tena. Je hii ni kali zaidi? Na kama inakaa siku nyingi hatuwezi kuigawa nusu kwa nusu itutoe mizunguko miwili, maana bei yake mh! (Dada mkubwa, Kibosho)

JIBU: Marahaba dada, mpe mama pole nyingi. Naanza na hiyo ya kugawa maana ndo imenishtua: hapana. Ile ni dozi moja ya mtu mzima, miligramu 6, inachomwa yote kwa mara moja. Mkiweka nusu kwenye friji mtakua na mgonjwa aliyepata dozi pungufu leo, na mwezi ujao mnamchoma dawa ambayo hamjui imeingiwa na nini.

Kali zaidi? Wala. Dawa yenyewe ni ile ile filigrastimu aliyokua anachomwa kila siku, ni protini inayoiambia mifupa itengeneze seli nyeupe za kinga kwa wingi. Shida yake haikai, ndani ya kama saa tatu na nusu hivi, nusu yake imeshatoka kwenye damu, nyingi inapita kwenye figo, ndo maana kesho mnarudi tena. Walichofanya ni kuchukua uzi mmoja wa PEG, yaani polietilini glaikoli, wenye uzito wa daltoni 20,000 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), wakaupachika kwenye ncha moja ya hiyo protini. Uzi peke yake una uzito kama wa protini nzima, afu unapenda maji balaa, kila kipande chake kinashika molekuli mbili tatu za maji kwa iyo ukiwa kwenye damu unatuna. Hapo figo inashindwa kuipitisha, ni kama mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani anataka kuingia kwenye hiace bila kuutua.

Sasa kama figo haiitoi nani anaitoa? Hapa ndo napapenda mimi. Zinaitoa seli nyeupe zenyewe, zinaishika na kuimeza. Kemo ikishazipiga seli zikawa chache dawa inabaki inazunguka inafanya kazi, seli zikirudi kwa wingi zinaimaliza zenyewe, yaani dawa inajipima bila nyie kushuka Moshi kila asubuhi.

Ila kukaa kwake huko ndo kunataka adabu ya tarehe. Isichomwe kabla ya saa 24 kupita toka kemo iishe, wala isichomwe zikiwa zimebaki chini ya siku 14 kufika kemo nyingine, kwa sababu seli changa zinazogawanyika kwa kasi ndo kemo inazikamata vizuri, mtakua mnaziotesha ili zifyekwe. Mifupa inaweza kumuuma, hiyo ni kawaida, muulizeni daktari ampe dawa gani ya maumivu. Lakini maumivu makali upande wa kushoto juu ya tumbo au begani kushoto, au homa ya 38 na kuendelea, hapo hakuna kusubiri kukuche, mshusheni usiku huo huo. Na kama mnainunua nje mkaisafirisha, iwe kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, isigande, msiibandike kwenye barafu.

Kuhusu kaka, asiogope neno polima. PEG hiyo hiyo iko kwenye marhamu ya kupaka ngozi, kwenye vidonge, kwenye dawa ya meno, na hata dawa ya kulainisha choo inayoitwa makrogoli ni yenyewe.

SWALI: Mambo doc, niko Sakina Arusha nasoma maabara. Kama PEG ni nzuri hivyo kwa nini wasifunge protini zote tu?

JIBU: Poa mdogo wangu. Wangependa! Wazo lilianzia kwa Profesa Frank Davis wa Chuo Kikuu cha Rutgers kule Marekani miaka ya 1970, yeye shida yake ilikua protini za kigeni kushambuliwa na kinga ya mwili, akaona azifunike. Dawa ya kwanza ya aina hii ikaruhusiwa kwao 1990, kimeng'enya cha watoto wanaozaliwa bila kinga. Lakini uzi ukikaa karibu na sehemu ambayo protini inashikia kazi yake unaiziba. Intaferoni, protini ya kupambana na virusi vya homa ya ini C, ile iliyofungwa PEG kubwa yenye matawi, kwenye vipimo vya maabara ilibaki na kama asilimia 7 tu ya nguvu yake ya mwanzo! Ikashinda bado, kwa sababu inakaa, mgonjwa akatoka sindano tatu kwa wiki akaja moja. Afu kuna watu miili yao inatengeneza antibodi, yaani silaha za kinga, dhidi ya PEG yenyewe, na hapo dawa inaondolewa haraka au inaleta mzio. Peginesataidi, sindano yenye PEG ya kuongeza damu kwa wagonjwa wa figo, iliruhusiwa Marekani 2012, ikaondolewa sokoni mwaka uliofuata baada ya wagonjwa kupata mzio mkali, wengine wakafa, ingawa haikuthibitishwa kwamba PEG ndo mkosaji. Kwa iyo ukiwahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya kunywa ile dawa ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo, ambayo mara nyingi nayo ni PEG, mwambie daktari kabla hajakuandikia sindano yoyote ya aina hii.