Kabla Hujanyoa Nywele, Mhesabie Mwalimu Masika

Wiki iliyopita binti mmoja aliniandikia. Alinisalimu kwa adabu, akaniita dada, kisha akaumwaga moyo wake wote. Amempata mwalimu, mtawa wa Kibudha, na mtawa huyo amewatangazia wafuasi kwamba yeye keshafika, ni arahanti, hatazaliwa tena. Binti anataka kuacha kazi, anyoe nywele, avae joho. Akaniuliza jambo moja tu: wakati anasubiri kupokewa, aanze na ibada gani nyumbani?

Niliusoma ujumbe ule mara tatu, mikono inatetemeka. Ni kana kwamba nilikuwa nimeuandika mwenyewe miaka ile.

Nilikwenda Sri Lanka kuitafuta Dhamma, mafundisho ya Buddha, kama wengi wenu mnaonisoma mnavyotamani kwenda. Miezi ya mwanzo naiacha. Ilikuwa ya kuzoea kukaa sakafuni na kushinda njaa ya jioni. Nianzie mji wa kale wa Anuradhapura, kwenye mti mtakatifu uitwao Jaya Sri Maha Bodhi. Mche wa mti ule ulitoka Bodh Gaya, India, kwenye mti ambao Buddha aliketi chini yake hadi akaamka kiroho. Aliyeuleta kisiwani ni mtawa mwanamke, Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Nilivaa nyeupe, nikavua viatu, mchanga ukiniunguza nyayo. Nikaweka maua mbele ya madhabahu, nikarudia na wenzangu yale maneno ya Kipali, lugha ya maandiko yetu, yanayosema kwamba kama ua hili linavyonyauka, ndivyo mwili wangu nao unavyoelekea kuoza. Nililia. Sikuwahi kuona ibada inayokupa ua mkononi na papo hapo ikakukumbusha kifo chako.

Basi mtu aliyelia namna ile ni rahisi kuokotwa. Mwalimu wangu aliniokota.

Sitamtaja. Alikuwa na sauti tamu na macho yasiyopepesa. Alituambia amemaliza safari. Alituambia amri tano za Kibudha ni za watoto wa shule ya Jumapili, na kwamba anayesoma Vinaya, kanuni za watawa, moyo wake bado una shaka. Nilimwamini. Nilimkabidhi akiba yangu na miaka miwili. Niliosha bakuli lake, nilifagia njia yake, niliinama mara tatu kila alipopita, paji la uso likigusa chini.

Jioni moja nilimkuta anakula. Mtawa wa Theravada, Ubudha wa Sri Lanka, hali chakula baada ya jua la adhuhuri. Hilo hata mtoto wa kijijini analijua. Nikamuuliza kwa unyenyekevu wote, Bhante, yaani mheshimiwa, kwani u mgonjwa? Kesho yake mbele ya watu akasema akili yangu ni chafu, nikahamishwa safu ya mwisho mwezi mzima. Hadi leo nikikumbuka jinsi wenzangu walivyogeuza nyuso, linauma. Na bado sikuondoka! Nilijiambia, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali ile ile niliyofundishwa inipe moyo ndiyo iliyonifunga miguu.

Aliyenifungua ni mama mmoja mzee katika hekalu dogo la kijiji, mmoja wa wale wanaoitwa sil maniyo. Wanawake hawa wamenyoa, wanavaa joho, wanashika amri kumi za Kibudha, ila hawahesabiwi ndani ya Sangha, jumuiya ya watawa. Ukoo wa watawa wanawake waliopewa daraja kamili ulikatika Sri Lanka karibu karne ya 11. Uliporudishwa mwaka 1998, Bodh Gaya na kisha Dambulla, wakuu wa madhehebu ya watawa hawakuukubali. Dada zangu mnaotaka joho, lijueni hilo mapema, lisiwakute njiani kama lilivyonikuta mimi.

Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. Hakumlaani mwalimu wangu. Aliniuliza: ana masika mangapi?

Sikuelewa. Akanieleza. Watawa hawapangwi kwa umri wala kwa ufasaha. Kila mwaka wanatulia mahali pamoja miezi mitatu ya mvua, na kila masika yanayopita yanaongeza ukubwa wa mtawa. Mwenye masika machache anamwinamia mwenye mengi, hata kama ni baba yake mzazi aliyechelewa kuingia. Aliyepewa daraja anapaswa kuishi chini ya mwalimu kwa masika matano angalau, na hawezi kumpokea mwanafunzi wake mwenyewe kabla ya kumi. Nikaenda kuuliza. Mwalimu wangu alikuwa na manne. Manne! Yeye mwenyewe alipaswa kuwa bado anaosha bakuli la mtu.

Kisha mama akaniambia jambo ambalo natamani lingeandikwa kwenye mlango wa kila hekalu. Mtawa ana kanuni 227. Nne za kwanza zikivunjwa, utawa wake umekwisha siku hiyo hiyo: kuzini, kuiba, kuua mtu, na kujidai kwa uongo kwamba amefikia daraja la juu la kiroho. Na je, kama kweli amelifikia? Hata hivyo haruhusiwi kuwatangazia watu wasio watawa, ni kosa la kuungama. Kwa hiyo binti yangu, mtawa anayesimama mbele ya umati akasema "mimi ni arahanti", ama si mtawa tena, ama anavunja kanuni mbele ya macho yako. Njia ya tatu ni awe na kichaa, au awe amejikadiria kupita kiasi bila nia ya kudanganya. Watu hao hawapotezi utawa wao kwa kanuni ile ya nne, lakini hawapewi akiba ya mtu waitunze.

Ndugu zangu, muulizeni masika. Tunapenda viongozi wanaong'aa, tunaogopa kuuliza, tunaita woga wetu heshima. Buddha alipokaribia kufa hakuacha mrithi. Alisema Dhamma na Vinaya ndivyo vitakavyokuwa mwalimu wenu. Na siku masika yanapokwisha, hata mtawa mzee kuliko wote anachuchumaa mbele ya wenzake, viganja vimeunganishwa, anawaomba wamwambie kosa lolote walilomwona nalo, walilolisikia au wanalolishuku. Mwangalie mwalimu wako siku hiyo. Wangu hakuwahi kuomba, na mimi sikujua kwamba alipaswa.

Poya iliyopita, siku ya mwezi mpevu, nilishika amri nane na akina mama wa kijiji kile kile. Sauti ya mama yule ilikuwa imekauka kwa kikohozi, akanipa ishara niongoze. Niliongoza. Kipali chote, toka salamu za mwanzo hadi kuwagawia wafu thawabu, bila kuangalia karatasi, na ukumbi mzima ukaitikia Sadhu, Sadhu, Sadhu, yaani vyema. Nimejivunia, sifichi. Sikuinuliwa na mtu anayeng'aa. Nilifundishwa na mwanamke ambaye kwenye orodha za wakubwa hayumo.

Sasa swali lako, mdogo wangu, la ibada ya nyumbani. Usinyoe nywele, usiache kazi. Alfajiri, kabla hujashika simu, nawa, weka ua moja na taa mahali palipo juu ya kiuno chako. Piga magoti. Sema mara tatu: Namo tassa bhagavato arahato sammasambuddhassa. Kimbilia kwa Buddha, kwa Dhamma, kwa Sangha, kila kimoja mara tatu. Zishike tano: kutoua, kutochukua usichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kileo. Mwezi ukipevuka, ongeza hadi nane, usile baada ya adhuhuri, ulale chini. Fanya hivyo hadi ua la kwanza linyauke mbele yako, ulitoe kwa mikono yako mwenyewe, uweke jingine.

Na Jumapili ukienda kwake, muulize ana masika mangapi. Muulize mbele ya watu. Kisha niandikie alivyokujibu.